Vifo vya Waendesha Baiskeli na Usimamizi wa Sheria Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania Bara. Kenya ina swali lake karibu na mwisho.

Waendesha baiskeli wanagongwa wapi, na vipi?

Ajali zenye kuua zina sura chache, na zinajirudia.

Ya kwanza ni kugongwa kwa nyuma kwenye barabara kuu, giza likishaingia. Baiskeli haina taa, mpanda kavaa nguo nyeusi au ya kahawia, na gari linakuja na taa za chini kwa sababu kuna linalotoka mbele.

Ya pili ni kupanguswa wakati wa kupitwa. Lori linaona nafasi finyu, linajipenyeza kati ya baiskeli na gari linalokuja, na tela linamalizia kazi. Kichwa cha lori kimepita salama, lakini tela linapokata kurudi upande wake ndilo linalomfagia mtu. Mpanda baiskeli akishasikia kichwa kimempita hulegeza mikono, na hapo ndipo anapokutwa.

Ya tatu ni gari linalotoka mbele likilipita jingine. Dereva anaona baiskeli, ila anaihesabu kama njia tupu na anategemea itashuka yenyewe.

Ya nne hutokea mjini: lori linakata kushoto na baiskeli iko ubavuni kushoto. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto chini ya kioo ni kipofu. Mambo hugeuka kwa malori yanayotoka Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia. Mengi usukani wake uko kushoto, kwa hiyo dereva anaona ukingo vizuri lakini haoni mbele anapotaka kupita mwenzake, labda kwanza achomoze kichwa cha lori katikati ya barabara. Kwenye njia ya Singida, Nzega, Tinde, Isaka hadi Kahama, ambako baiskeli ni usafiri wa kila siku, aina zote mbili za malori huchanganyika.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Waendesha baiskeli walikuwa kama asilimia 6. Asilimia 92 ya vifo vyote ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mbona mnasisitiza sana mwendo wa magari?

Kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Chukua dereva anayehitaji sekunde 1.5 kuona na kukanyaga breki, gari lenye breki nzuri, lami kavu:

- Akiwa na 30 km/h anasimama ndani ya mita 17 hadi 18.
- Akiwa na 50, mita 35.
- Akiwa na 80, mita 69.
- Akiwa na 100, mita 97.

Lori lenye mzigo na breki za wastani linahitaji mita 80 na zaidi kwa mwendo wa 80.

Sasa weka magari mawili sambamba, moja na 50 na jingine na 65. Mwendesha baiskeli anaanguka mita 35 mbele yao. Wa 50 anasimama akiwa karibu kumgusa. Wa 65 anamgonga akiwa bado na zaidi ya 50 km/h. Hakulewa, hakulala, na polisi wakipima atasema "nilikuwa na sitini tu". Hizo kilomita 15 za ziada ndizo zilizoua.

Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 50 hadi 60 nguvu inaongezeka kwa asilimia 44, ingawa mshale wa dashibodi umesogea kidogo tu. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwisho uwe 30 km/h pale ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Oslo ilipunguza mwendo, ikaondoa maegesho mengi katikati ya mji na kutenga njia za baiskeli. Mwaka 2019 hakuna mwenda kwa miguu wala mpanda baiskeli aliyekufa barabarani mjini humo.

Sheria yetu inaweka mwendo gani?

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inaweka 50 km/h kwenye maeneo ya makazi. Magari ya abiria na yale yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 popote. Pombe: kiwango cha jumla ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, na dereva wa gari la abiria au la biashara hatakiwi kuwa na pombe kabisa.

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji kibao chochote: kuendesha kwa hatari au bila uangalifu. Dereva aliyegonga akiwa na 45 kwenye eneo la 50, huku akipita gulio lililojaa watu, bado anaweza kushtakiwa. Familia nyingi huambiwa "hakuvuka mwendo, kwa hiyo hana kosa". Si kweli.

Tochi (vifaa vya polisi vya kupimia mwendo) zipo kila mahali. Mbona watu bado wanakufa?

Zipo kila mahali pale pale. Dereva wa masafa anajua kichaka gani kina askari, na asiyejua anaonywa kwa taa na wanaotoka mbele. Anapunguza kwa mita mia chache, akishapita anakanyaga kufidia muda. Tochi ikisimamishwa sehemu moja, athari yake huishia karibu na hapo.

Pili, tochi nyingi hukaa pale ambapo kibao cha 50 kinamnasa dereva kirahisi, mara nyingi mteremkoni pasipo na nyumba. Ni halali. Lakini mahali pa kukusanya faini nyingi na mahali wanapofia watu huwa tofauti. Ukitaka kujua kama usimamizi wa eneo lako umelenga kuokoa maisha, linganisha saa za tochi na saa za vifo. Wapanda baiskeli wengi hugongwa alfajiri wakienda shamba au kazini, na kati ya magharibi na saa 3 usiku. Tochi nyingi zinafanya kazi saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Tatu ni uhakika wa kukamatwa. Faini ya shilingi 30,000 kwa kosa si ndogo kwa dereva wa daladala, lakini anapiga hesabu: nikipita mara 20, nitakamatwa mara ngapi? Kupandisha faini bila kuongeza uwezekano wa kukamatwa kunaongeza tu bei ya kumalizana kando ya barabara. Kinachobadilisha tabia ni kamera ya kudumu na adhabu inayokuja yenyewe, bila dereva na askari kukutana. Rwanda walikwenda njia hiyo, na kamera zao madereva wanaziita Sofia.

Kwetu hatua iliyo karibu na hiyo ni faini kuingia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari na kulipwa kwa kontro namba, pamoja na mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unaofuatilia mwendo wa mabasi kwa setilaiti. Udhaifu ni kwamba huo wa LATRA unahusu mabasi. Lori la mchanga na gari dogo la binafsi haviko humo.

Operesheni za kukamata baiskeli zisizo na kengele zinasaidia?

Kidogo sana. Baiskeli isiyo na breki au taa inastahili kusimamishwa, hilo halina ubishi. Lakini ukikamata baiskeli 40 sokoni mchana na kuzirundika kituoni, hujagusa hata moja ya zile sura nne za ajali tulizozieleza. Na aliyenyang'anywa baiskeli anatembea kwa miguu kwenye barabara ile ile, akiwa na mzigo kichwani.

Kama kamanda wa wilaya ana askari 6 na siku moja, ushauri wetu ni huu: wawili na tochi kwenye kilomita 2 za kuingilia mji kuanzia saa 12 jioni, wawili kupima pombe hapo hapo, na wawili kusimamisha malori yasiyo na taa za nyuma. Baiskeli zisizo na viakisi zisimamishwe pia, zibandikwe utepe, ziende. Utepe unagharimu pungufu ya muda wa kuandika faini.

Nifanye nini nionekane usiku?

Taa za chini za gari hukuonyesha ukiwa na nguo nyeusi ukiwa umbali wa kama mita 30. Rudi kwenye hesabu ya juu: mwenye 80 anahitaji mita 69. Yaani anakuona akiwa tayari ameshachelewa. Kiakisi kizuri kinamrudishia mwanga akiwa mita 150 na zaidi, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Kwa mpangilio wa umuhimu:

1. Taa nyekundu nyuma inayowaka yenyewe. Ifungwe kwenye fremu chini ya siti au kwenye ncha ya karia, isifunikwe na gunia. Hapo ndipo wengi hukosea: taa ipo, mkaa umeiziba.
2. Kiakisi chekundu nyuma, na utepe wa kuakisi wa upana wa sentimita 5 kwenye madigadi. Ukibeba mzigo, bandika utepe kwenye kipande cha turubai na ukifunge nyuma ya mzigo wenyewe, pande zote mbili, ili dereva aone upana.
3. Viakisi vya pedeli, au utepe kwenye visigino. Kinachopanda na kushuka kinamwambia dereva kwamba huyu ni mtu anayeendesha, si nguzo.
4. Taa nyeupe mbele.
5. Koti la kuakisi, lile ambalo watu wa bodaboda huliita reflekta. Likishachakaa na kujaa vumbi mistari yake haiakisi tena. Lipime: simama mita 50 gizani, mwenzako amulike tochi ya simu akiwa ameishika usawa wa jicho.

Dinamo ya chupa inayosuguana na tairi ni ya volti 6, wati 3. Inatosha, ila ukisimama taa inazima, na ukisimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kulia ndipo unapoihitaji zaidi. Kwenye mvua kichwa chake huteleza. Kwa hiyo nyuma weka taa ya betri hata kama una dinamo.

Helmeti inasaidia kweli, au ni ya wanamichezo?

Inasaidia kichwa. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2016 zilionyesha helmeti hupunguza majeraha mabaya ya kichwa kwa karibu asilimia 70 miongoni mwa waliopata ajali. Lakini jua mipaka yake: kipimo cha Ulaya, EN 1078, huijaribu kwa kuiangusha kwa mwendo wa takriban 20 km/h. Imetengenezwa kwa kuanguka, si kwa kugongwa na basi lenye 90.

Ukinunua ya mtumba, itazame kwa ndani. Povu lenye ufa hata mwembamba limeshafanya kazi yake, achana nayo. Kamba zikae kama V chini ya kila sikio, na kati ya kidevu na kamba viingie vidole viwili tu. Helmeti iliyosukumwa nyuma na kuacha paji la uso wazi haikulindi, kwa sababu mtu akiruka juu ya usukani hutangulia paji.

Baiskeli yenyewe ikaguliwe vipi?

Breki kwanza. Baiskeli za vyuma zenye breki za fito hubana ringi kwa raba. Raba ikibaki milimita 3 badilisha. Ringi ya chuma ikilowa breki hushika kwa shida sana. Ukitoka kwenye mvua, bana polepole mizunguko kadhaa ili kuifuta maji kabla hujaihitaji. Jaribio la haraka: sukuma baiskeli kwa mwendo wa kutembea, bana breki ya mbele peke yake. Gurudumu la nyuma linyanyuke kidogo. Lisiponyanyuka, hapo huna breki.

Mzigo: gunia mbili za mkaa kwenye karia zinahamisha uzito wote nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Kwa mwendo mdogo ndipo unapoyumba zaidi, yaani kwenye mlima, mahali ambapo lori linakupita karibu. Shuka, sukuma, upande wa nje ya lami. Mzigo usizidi upana wa usukani.

Na kingo za lami. Mvua hula bega la barabara hadi lami inabaki juu kwa sentimita 10 au zaidi. Ukishushwa na basi, usijaribu kurudi kwa kujisogeza pole pole sambamba na ukingo: tairi la mbele litasugua ukuta wa lami, usukani utakwama, na utaangukia ndani ya barabara. Punguza mwendo, subiri pawe wazi, kisha panda kwa kukata, usukani ukielekea lami kwa pembe kubwa. Kama kimo kinazidi upana wa vidole vinne, shuka na unyanyue.

Njia za baiskeli zipo Dar es Salaam, lakini zimejaa bodaboda na meza za biashara.

Ni kweli. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, sehemu nyingi zilipata njia ya baiskeli pembeni. Rangi peke yake haizuii mtu. Nguzo zikiachiana mita 1.5, baiskeli ya mzigo inapita na gari halipiti, ila bodaboda inapita. Hiyo inahitaji askari au mgambo wa manispaa asimame hapo asubuhi na jioni, siku nyingi mfululizo. Kwa wafanyabiashara, kuwafukuza bila kuwaonyesha pa kwenda ni kazi ya wiki moja: Jumatatu inayofuata wamerudi.

Usione haya ni yetu tu. Shirika la Afya Duniani linasema ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia za baiskeli.

Tunataka tuta au kibao kijijini kwetu. Tunaanzia wapi?

Jua kwanza mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, ofisi ya meneja wa mkoa. Za wilaya, mitaa na vijiji ni za TARURA. Barua ikienda kusiko inakaa tu.

Kisha nenda na namba. Pima mita 100 kwa futi ya fundi kando ya barabara, weka alama mbili, mmoja asimame na saa ya simu. Gari linalotumia sekunde 7.2 lina 50 km/h, sekunde 4.5 ni 80, sekunde 3.6 ni 100. Andika magari 100 yanayokwenda peke yake bila foleni, kwa saa zenye watu wengi. Yapange kutoka taratibu hadi kasi, tazama la 85. Huo ndio mwendo ambao wahandisi huutumia, na barua inayosema "gari la 85 kati ya 100 lilikuwa na 84 km/h mbele ya shule" ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu. Kaa mbali na lami wakati wa kupima, na usivae koti la kuakisi: madereva watadhani ni trafiki na watapunguza.

Ambatisha tarehe za ajali kutoka kituo cha polisi, picha, na kilomita iliyoandikwa kwenye nguzo ya karibu. Ipite kwa mtendaji wa kijiji na diwani, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, na mwombe diwani alifikishe jambo kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa.

Msichimbe wala kujenga tuta wenyewe. Tuta la mviringo la kawaida lina urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. La wanakijiji huwa fupi na kali, halina kibao wala rangi, na wa kwanza kuanguka usiku ni mwenye baiskeli au pikipiki. Zile rasta za mistari midogo humshtua dereva tu, hazimlazimishi kupunguza, na wapanda baiskeli hushuka bega kuzikwepa. Ziombwe pamoja na tuta, zisiwe badala yake.

Kibao kikishasimikwa, mmoja akitazame kila mwezi. Vibao hung'olewa na kuuzwa vyuma chakavu, na dereva aliyegonga pasipo na kibao ana la kujitetea mahakamani.

Mtu amegongwa sasa hivi. Tufanye nini?

Kwanza zuia ajali ya pili. Watu wawili waende mita 100 kila upande na matawi au taa, wakae pembeni. Piga 112.

Usimkalishe, usimnyweshe maji, usimbebe kwa kushika mikono na miguu. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa na kiganja bila kuachia. Akilazimika kuhamishwa, watu wanne au watano, mmoja ashike kichwa tu kikiwa sawa na mgongo, wainue pamoja juu ya ubao au mlango.

Mwingine, asiyehudumia majeruhi, apige picha kabla chochote hakijasogezwa: baiskeli ilipo, gari lilipo, alama za matairi, vioo vilivyovunjika, kibao cha mwendo kama kipo, na picha moja ya mbali inayoonyesha vyote. Namba ya gari, stika ya bima, leseni, saa. Majina na simu za mashahidi wawili watatu. Mvua moja inafuta alama za breki, na lami yenye magari mengi inazila ndani ya siku chache.

Dereva asipigwe. Mbali na kwamba ni kosa la jinai, woga huo ndio unaofanya madereva wengi wakimbie. Anayehofia maisha yake aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu.

PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ni ya lazima kabla ya matibabu?

Majeruhi wa dharura aanze kuhudumiwa, na ndugu afuate PF3 kituoni wakati huo huo. Msigawane kazi vibaya kwa wote kwenda hospitali. Fomu ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari. Ile ya daktari ikibaki tupu haisaidii. Hakikisha imeandikwa majeraha yote, si lile kubwa tu. Goti lililoachwa kwenye fomu leo litakataliwa na bima mwakani. Piga nakala kabla ya kuirudisha.

Gari limekimbia.

Bila kulijua gari hakuna bima ya kudai, kwa hiyo saa 24 za kwanza zina thamani kubwa. Kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Kwenye lori lenye tela, namba ya nyuma ni ya tela, si ya kichwa. Mwambie askari uliyoiona ilikuwa wapi. Vipande vya taa viokotwe na polisi: mara nyingi vina namba ya kiwanda inayotaja aina ya gari.

Mizani za barabara kuu huandikisha malori na saa yalipopita. Kituo cha mafuta kilicho mbele kina kamera, ila hujifuta baada ya siku chache, kwa hiyo mwombe mpelelezi aandike barua siku hiyo hiyo. Kama ni basi, mfumo wa LATRA unaonyesha lilikuwa wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani. Mpelelezi mwenye mafaili 30 mezani huenda asikumbuke yote haya. Mkumbushe kwa adabu, kwa maandishi.

Na baiskeli isipelekwe kwa fundi. Ni kielelezo: rangi ya gari iliyobaki kwenye fremu na pale ilipopinda huonyesha iligongwa kwa nyuma au ubavuni.

Tajiri wa gari amekuja msibani na pesa. Anataka tumalizane.

Kupokea mchango wa jeneza na chakula si kosa. Kusaini ni jambo jingine. Kesi ya kusababisha kifo ni ya Jamhuri, familia haina uwezo wa kuifuta. Kinachotokea kwa kweli ni kwamba mashahidi hawaji na kesi inakufa yenyewe, na karatasi iliyosainiwa matangani inarudi baadaye kama ushahidi kwamba mmeshalipwa fidia yote. Kama lazima mwandike, andikeni "mchango wa mazishi, si fidia", kiasi, tarehe, na mashahidi wa pande zote.

Bima inalipaje?

Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya mhusika wa tatu kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na mwendesha baiskeli ndiye huyo mhusika wa tatu. Uhai wa bima unahakikiwa kwa namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima. Fanya hivyo mapema, maana stika ya kughushi ikigundulika mwaka unaofuata mmepoteza muda.

Kwa jeraha: PF3, taarifa za hospitali, risiti, ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, mchoro wa eneo, na hukumu ya kesi ya trafiki kama ipo. Kwa kifo ongeza ripoti ya uchunguzi wa mwili, cheti cha kifo cha RITA, na barua ya usimamizi wa mirathi. Hii ya mwisho ndiyo inayokwamisha wengi. Inaanza na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mahakama ya mwanzo.

Taarifa iende kwa kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Muda wa jumla wa madai ya madhara ni miaka 3, lakini kwa kifo mwone wakili au msaidizi wa kisheria ndani ya wiki za kwanza. Watakapokupa hati ya kukubali malipo, soma kama inasema "malipo ya mwisho". Ukisaini hiyo na mguu ukaja kukatwa, hakuna nyongeza. Mkishindwana, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kama marehemu alikuwa ametumwa na mwajiri, kuna mlango wa pili: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri atatakiwa kutoa taarifa. Asipofanya, familia iende yenyewe.

Kenya ni tofauti?

Kwa mwendo wa mjini, hapana: ni 50. Fomu ya majeraha huitwa P3, na polisi hutoa pia abstract (muhtasari wa taarifa) ya ajali, ambayo mawakili na kampuni za bima huitaka kwanza. Bima ya mhusika wa tatu iko chini ya Sura ya 405, yenye ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari.

Mwendesha baiskeli akiwa na kosa, familia inapoteza kila kitu?

Si lazima. Mahakama inaweza kugawa lawama. Kukosa taa kunaweza kupunguza fidia, lakini hakumwondolei dereva wajibu wa kwenda kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya urefu wa taa zake. Muulize mpelelezi swali hilo hilo: taa zake zilikuwa zinaangaza mita ngapi, na alikuwa na mwendo gani?